Parachichi aina ya Hass ina dosari: ni mdudu yupi, au si mdudu kabisa?

Malalamiko kutoka mashamba ya Njombe, Rungwe, Mufindi na Mbozi yanafanana kila msimu: tunda lina kidonda, ganda limekwaruzika, majani yamepakaa masizi, maua yamepukutika, mti umezubaa. Jibu la kwanza la wengi ni kubeba bomba la kupulizia dawa, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Dalili kadhaa kati ya hizi hazina mdudu nyuma yake, na mbili zinaletwa na bomba lenyewe.

Kabla ya kununua chochote, ingia shambani asubuhi na kisu kikali, lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, karatasi nyeupe na mfuko wa plastiki wa kubebea sampuli. Kagua miti kumi iliyotawanyika, si ule mmoja wa njiani. Kila mti zunguka pande zote nne, na geuza majani, maana wakazi wengi wa mparachichi wanaishi chini ya jani.

Kidonda kwenye ganda, kina unga mweupe kama sukari

Unga huo kwa kweli ni sukari. Parachichi ikitobolewa na chochote, awe mdudu, mwiba au kucha, hutoa majimaji yanayokauka kuwa chembe nyeupe. Kwa hiyo weupe unakuambia tu kwamba pametobolewa. Pafute kwa kitambaa kibichi, tazama umbo la kidonda, kisha menya ganda kwa vipande vyembamba, ukishuka kidogo kidogo.

Anza kumshuku nzi wa matunda. Alama yake ni tundu dogo ambalo baada ya siku kadhaa hupasuka kwa mistari mifupi inayotoka katikati, kama nyota. Kwenye Hass changa iliyo ngumu na bado inaning'inia mtini, mayai mengi hayafiki mbali. Ukimenya unakuta kovu gumu la kahawia na hakuna kinachoishi. Tunda hilo limeharibika sura, ila halina funza. Fuerte, aina nyingine ya parachichi, na maparachichi ya kienyeji yenye ganda laini hayana kinga ya namna hiyo, na Hass ikishachumwa kinga hiyo inapungua. Ukikuta buu jeupe lisilo na miguu, lililochongoka upande wa mdomo, ambalo ukiliweka mezani linajikunja na kuruka, huyo ni nzi wa matunda bila ubishi.

Anayefuata ni nondo wa matunda (*Thaumatotibia leucotreta*). Kidonda chake kimeinuka kingo na kina shimo katikati, na mara nyingi mdomoni pake pana punje za kinyesi cheusi zilizonata. Ndani, kama bado yuko hai, ni kiwavi mwenye kichwa cha kahawia na miguu inayoonekana kwa lenzi, akikomaa anageuka rangi ya waridi. Tofauti ya miguu ndiyo ya kushika: nzi hana, nondo anayo. Ukiwachanganya utatega mtego usio wake.

Wa tatu yupo zaidi kwa wanaopakana na chai, yaani Rungwe na Mufindi. Ni mdudu mwembamba wa *Helopeltis*, miguu mirefu, vipapasio vya kichwani virefu kuliko mwili, na mgongoni ana kijiti kimesimama kama pini. Anafyonza machipukizi na matunda machanga, anaacha madoa meusi yaliyobonyea. Ukitaka uhakika, vuka mpaka ukatazame chai: majani machanga yakiwa na madoa ya kahawia yaliyotapakaa, chanzo umekipata. Kunguni wengine wanaofyonza huacha shimo la juu juu, ila ukikata unakuta donge gumu ndani ya nyama ya tunda.

Na mwisho, mvua ya mawe. Vidonda viko upande mmoja tu wa tunda, upande mmoja wa mti, na matawi nayo yamechubuka gome upande huo huo. Wapo wanaopiga dawa ya kunguni wiki moja baada ya mvua ya mawe.

*Cha kufanya kwa nzi na nondo.* Usafi wa shamba kwanza, na hapa hatutaki ufupisho kwa sababu ndipo kazi inapolegezwa. Okota kila tunda lililoanguka angalau mara mbili kwa wiki. Usilitupe kwenye shimo la mboji wala ukingoni mwa shamba. Ama lifukie futi mbili kwenda chini na kushindilia udongo, ama lifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi kila kilichomo kife. Kina cha kiganja hakitoshi, nzi akitoka kwenye pupa anapenya udongo mlegevu kwa urahisi. Njia nzuri kuliko zote mbili ni hema dogo la wavu lililozibwa kingo kwa udongo: matunda mabovu yanaingizwa humo, nzi wanaototolewa wanashindwa kutoka, lakini nyigu wadogo sana waliotagwa ndani ya mabuu ya nzi wanapita kwenye matundu ya wavu na kurudi shambani kuendelea na kazi. Wavu wa chandarua cha kawaida ujaribu kwanza kwa nzi wachache. Ukiwaona nje, tafuta wenye tundu dogo zaidi.

Halafu angalia majirani. Mipera, miembe, mipichi, mipeasi na kahawa iliyoachwa bila kuchumwa ni nyumba za nzi. Kwa nondo, ongeza michungwa, pilipili, mbarika na mahindi. Ndiyo, mahindi, shamba la Hass lililozungukwa na mahindi yaliyosahauliwa kuvunwa lina mlinzi adui.

Kuhusu mitego pana kosa linalorudiwa sana. Mtego wa methili eujenoli huvuta madume ya nzi wa matunda kutoka Asia, *Bactrocera dorsalis*, aliyeonekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Huyo anapenda joto na hupungua unavyopanda mwinuko. Kwenye baridi ya juu wanatawala nzi wa asili wa jamii ya *Ceratitis*, ambao kadhaa kati yao hawana habari na harufu hiyo. Mkulima wa Njombe anatega, mtego unabaki mtupu, anatangaza shamba lake salama. Weka pembeni mtego wa chambo cha protini, unaovuta majike na madume wa jamii nyingi. Nondo naye ana kivutio chake mwenyewe, cha dume peke yake. Mitego hii ni ya kujua nani yupo na lini anaongezeka. Isihesabiwe kuwa tiba.

Idadi ikipanda, tumia chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu kilichosajiliwa, kwa kupuliza doa moja la kama mililita 50 kila mti, chini ya majani, kila wiki, na kurudia mvua ikikiosha. Usipulize kwenye tunda. Usipulize mti mzima. Nzi ndiye anayekifuata chambo.

Simama hapa: ukikuta buu au kiwavi hai kwenye tunda lililokwishachumwa kwa ajili ya kuuzwa nje, usichambue mazuri kwa macho na kupakia. Tenga mzigo wote, funika, na mwite mkaguzi wa TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kabla gari halijaondoka. Mzigo ukikamatwa na buu huko uendako, anayeumia si mwenye tunda peke yake.

Ganda lina makovu ya kahawia, gumu kama ngozi ya mamba

Upepo ndio wa kwanza, na kwenye miinuko ya wazi ya Makete na Njombe ni wa kwanza kwa mbali. Kovu la upepo halina mpangilio, linakaa pale tunda linapogusana na tawi au jani, na upande unakotoka upepo umeumia zaidi. Chukua tunda lenyewe, lirudishe kwenye nafasi yake, lisukume: ukiona linachomsugua, kesi imekwisha. Tiba ni kupogoa matawi makavu na kupanda kinga upepo, si dawa.

Thiripi, mdudu mdogo sana, ndiye wa pili. Kovu lake ni la kahawia lililotanda, mara nyingi kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini, kwa sababu alikula tunda likiwa dogo kama punje ya harage na kovu likakua nalo. Hiyo ina maana kovu unaloliona leo limesababishwa miezi iliyopita. Kupiga dawa sasa ni kumlipiza marehemu. Jamii nyingine inashambulia tunda kubwa pale mawili yanapogusana: panakuwa na rangi ya fedha yenye vidoa vyeusi vinavyong'aa, ambavyo ni kinyesi chake.

Kuhakikisha, gonga kishada cha maua au matunda machanga mara tatu juu ya karatasi nyeupe. Thiripi ni kijiti cha milimita moja, cha njano au cheusi, kinachotembea. Usistuke kwa kuwakuta wachache kwenye maua. Wapo kila mwaka. Jali pale maua yanapoanguka na vitunda vya ukubwa wa njegere vina thiripi karibu kila kishada. Punguza vishada vilivyobanana ili matunda yasigusane, acha majani machache chini ya mti yachanue ili buibui na utitiri walaji wapate pa kukaa, na ukilazimika kupuliza subiri maua yaishe.

Majani yananata, kisha yanakuwa meusi kama masizi

Weusi huo ni ukungu unaoota juu ya maji ya sukari. Haupenyi jani, ukisugua kwa kidole unatoka. Dawa ya ukungu haina kazi hapa. Tafuta anayetoa sukari: geuza majani yaliyo *juu* ya yale meusi, kwa sababu sukari hudondoka.

Mara nyingi ni wadudu gamba, vidonge bapa vya umbo la moyo au duara vilivyoganda kwenye mishipa ya chini ya jani. Wakati mwingine ni vidung'ata, wale weupe kama pamba, ambao hujificha kwenye kikonyo cha tunda.

Sasa swali linalokupa jibu la nusu ya kazi: je, sisimizi wanapanda shina? Sisimizi hufuga hawa wadudu kwa ajili ya sukari na kuwafukuza nyigu wanaokuja kuwaua. Ukimzuia sisimizi, walinzi wanaondoka na walaji wanaingia. Kata matawi yanayogusa ardhi hadi kimo cha goti au zaidi, palilia majani marefu yanayofanya daraja, kisha zungushia shina utepe mpana wa karatasi ngumu au plastiki na kupaka grisi juu ya utepe. Grisi isiguse gome, linaungua. Kagua kila wiki. Vumbi likishika, grisi inakuwa barabara.

Pili, tazama magamba kwa lenzi. Chagua ishirini, hesabu yenye tundu la duara lililokatwa vizuri mgongoni. Tundu hilo ni mlango aliotokea nyigu mdogo baada ya kumla mwenyeji kutoka ndani. Nusu au zaidi yakiwa na matundu, weka bomba chini. Kazi inafanywa bure. Yakiwa hayana kabisa na sisimizi umeshawazuia, jiulize kama ulipiga dawa kali ya kuua kila kitu miezi michache nyuma. Hilo ndilo chimbuko la kawaida la magamba kulipuka: gamba lina paa juu yake na nyigu hana. Sababu nyingine ni vumbi la kiangazi kando ya barabara, ambalo linamchosha nyigu kutafuta. Kuosha miti ya ukingoni kwa maji kunasaidia kuliko wengi wanavyoamini.

Ukilazimika kupuliza, tumia mafuta ya madini ya kilimo, mililita 200 kwa bomba la lita 20, jioni au asubuhi ya mawingu, ukilowesha chini ya majani. Jaribu tawi moja kwanza, subiri siku mbili tatu. Usipulize mti wenye kiu. Usipulize mafuta ndani ya mwezi mmoja wa salfa, majani yataungua.

*Usiwaue hawa.* Kati ya vidung'ata utawakuta wengine weupe, wenye manyoya ya nta marefu zaidi na yaliyovurugika. Mguse mmoja kwa kijiti. Kidung'ata anajikokota au anabaki palepale. Huyu mwingine anakimbia. Ni mtoto wa mbawakawa mlaji, amevaa nguo ya adui ili ale kwa raha, na wakulima humuua kwa mamia wakidhani ndiye tatizo. Vivyo hivyo mtoto wa yule mdudu wa mgongo duara mwekundu wenye madoa meusi hafanani na mzazi: ni mrefu, mweusi mwenye mabaka ya chungwa, miguu sita. Na ukikuta mayai madogo yaliyosimama kila moja juu ya unywele, yaache, yanatoa mabuu yenye taya kama koleo wanaokula vidukari, thiripi na mayai ya nondo.

Majani yamekuwa na rangi ya shaba juu

Utitiri mwekundu, karibu kila mara mwishoni mwa kiangazi, karibu kila mara kwenye miti ya barabarani au iliyopigwa dawa za kundi la pairethroidi. Lenzi itakuonyesha vidoa vyekundu vinavyotembea kando ya mshipa mkuu. Mvua za Novemba zikifika wengi huoshwa. Kwa mti mkubwa, maji na uvumilivu vinatosha. Kwa mche, salfa kwa kipimo cha lebo.

Maua mengi, matunda hakuna

Kwanza, mparachichi ni mti wa kupukutisha: hata ukiwa na afya, katika kila maua mia haufikishi tunda moja. Usianze kutafuta mdudu kwa sababu ardhi imetapakaa maua.

Ukiona vitunda vyembamba vilivyojikunja kama tango changa, visivyo na kokwa, hiyo ni baridi au uchavushaji ulioshindwa. Ua la Hass hufunguka likiwa jike asubuhi, linafunga, kisha linafunguka likiwa dume mchana wa siku ya pili. Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Ndiyo maana Fuerte moja kwa kila Hass nane au tisa inasaidia. Usiku wa baridi kali huvuruga ratiba hiyo yote, na nyuki nao hawatoki mapema.

Simama chini ya mti kati ya saa nne na saa sita siku ya jua, hesabu wanaotua kwa dakika kumi. Usihesabu nyuki peke yao. Nzi wanaofanana na nyigu, wanaoelea hewani bila kusogea, nao wanachavusha, na watoto wao wanakula vidukari. Wakiwa wachache mno, sababu zinakwenda hivi: mtu amepiga dawa wakati wa maua (wewe au jirani), milingoti (mikaratusi) au magugu yenye maua karibu yanawavuta zaidi, hakuna mizinga.

Leta mizinga 2 hadi 3 kwa ekari, ila baada ya maua machache kufunguka, kama moja kati ya kumi. Ukiileta mapema nyuki wanazoea milingoti na hawarudi. Iweke ukingoni, mbali na nyumba, mifugo na njia ya watoto wa shule. Nyuki wetu hawana mzaha, hivyo kuhamisha mzinga ni kazi ya mfugaji nyuki mwenye vazi, usiku, si ya kijana wa shamba mwenye moshi wa gunzi.

Boroni pungufu nayo huzuia matunda, lakini usiimwage kwa kubahatisha: pengo kati ya inayotosha na inayoua ni dogo. Peleka sampuli ya majani maabara, TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) watakuelekeza, ndipo upime kiasi cha kuweka.

Mti unanyauka

Majani madogo, ya manjano, yanalegea hata udongo ukiwa na unyevu, matawi ya juu yanakufa, na wakati mwingine mti unazaa vitunda vingi vidogo. Watu hutafuta mchwa. Chimba badala yake, sentimita kumi na tano chini ya matandazo. Mizizi midogo yenye afya ni ya krimu. Ikiwa myeusi, inakatika kama kijiti kikavu, au haipo, ni kuoza kwa mizizi kunakoletwa na kimelea cha udongoni, *Phytophthora cinnamomi*, na hakuna dawa ya wadudu itakayogusa tatizo hilo. Punguza maji, fungua mifereji, osha jembe na viatu kabla ya kwenda mti mwingine, na mwite afisa ugani wa kata kabla ya kung'oa. Usichukue miche wala udongo kutoka eneo hilo.

Mchwa ni wa miche zaidi. Anakuja pale matandazo makavu yanapogusa shina. Yasogeze nyuma sentimita 30 na utamaliza kesi nyingi.

Tundu kwenye shina lenye unga wa mbao chini yake ni kiwavi au mtoto wa mbawakawa. Likiwa kubwa kama kalamu, mchome kwa waya mwembamba na kuziba kwa udongo wa mfinyanzi. Lakini simama ukiona matundu mengi madogo kama ya pini, kila moja na doa jeusi au sukari nyeupe, na tawi linakufa juu yake. Kuna mbawakawa wa aina hiyo, mbeba ukungu, ambaye ameshaingia Afrika Kusini na kuua miti ya matunda na ya kivuli. Usikate kuni, usihamishe gogo. Piga picha, taarifu TPHPA, subiri.

Kabla ya kufungua chupa yoyote

Soma lebo: namba ya usajili, zao lililotajwa, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama lebo haitaji parachichi, muuzaji wa duka la pembejeo hawezi kukuruhusu kwa mdomo. Klopirifosi bado inatajwa vijijini kama dawa ya kila kitu. Umoja wa Ulaya uliacha kuiidhinisha mwaka 2020 na kushusha kiwango kinachovumiliwa hadi miligramu 0.01 kwa kilo, maana yake hata mnyunyizo uliopeperuka kutoka shamba la jirani unaweza kuangusha mzigo wako. Andika daftarini tarehe, dawa, kipimo na mti ulioishia.

Anayepuliza akianza kutoka jasho jingi, mate kumjaa, macho kuona ukungu, mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano au misuli kutetemeka, hiyo ni sumu mwilini. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, usimpe maziwa, mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo yake.